Kabla ya Kununua Kiwanja Songea, Tazama Ardhi Isiyouzwa

Mtu anayekuuzia kiwanja Songea hatakosa kukuonyesha bikoni, nguzo ya umeme iliyo karibu na milima ya Matogoro inavyopendeza kwa mbali. Atakwambia eneo limepimwa, ni la msongamano mdogo, majirani ni watumishi na wafanyabiashara wenye heshima zao, na bei itapanda. Huenda yote hayo ni kweli. Ila kuna ardhi nyingine ambayo hakuonyeshi, kwa kuwa haiuzwi: barabara za ndani, njia ya maji ya mvua, eneo la shule, uwanja wa watoto, bonde lenye matete kule chini. Thamani ya kiwanja chako iko huko zaidi ya inavyokaa ndani ya bikoni zako nne. Ardhi hiyo ikilindwa, hata nyumba ya kawaida itakaa mahali pazuri. Ikimegwa, jumba la ghorofa litaishia kuzungukwa na vurugu.

Nawaandikia wanaotaka kujenga na kuishi katika mitaa iliyopangwa ya mji huu, wawe wamepanga vyumba Mfaranyaki au wako Dar es Salaam wakimtumia fedha mdogo wao amsimamie fundi. Songea inakua haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu zaidi ya 203,000 katika Manispaa. Ile ya 2022 ilikuta takribani 286,000. Katikati ya sensa hizo mbili barabara ya lami ilikamilika kutoka Masasi na Tunduru, na mwaka 2018 umeme wa gridi ukafika kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako, mji ukaachana na jenereta za dizeli. Ndiyo maana mashamba ya mahindi ya Mshangano, Ruhuwiko, Msamala na kwingineko yanageuka viwanja, na aliyekuwa akiuza gunia sasa anauza mita za mraba.

Wazo la mtaa wa wenye uwezo, wenye viwanja vikubwa na miti, si geni kwetu. Miji yetu mingi ilirithi mgawanyo wa kikoloni wa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na viwanja vikubwa vilikuwa vya watawala. Baada ya Uhuru tuliondoa ubaguzi wa rangi katika sheria, lakini kipimo cha msongamano mdogo, wa kati na mkubwa tukabaki nacho. Sioni kosa kupenda nafasi. Kosa ni kudhani kwamba nafasi ndiyo mpango. Kiwanja kinaweza kupita mita za mraba 1,000 na bado kisiwe na barabara ya kupita gari la zimamoto.

Kwa hiyo, hatua ya kwanza ni kuuona mchoro. Usiridhike na picha ya kwenye simu yenye mstari mwekundu aliochora dalali. Nenda Idara ya Ardhi ya Manispaa ukiwa na namba ya kiwanja na kitalu, uombe kuonyeshwa mchoro wa mipango miji wa eneo lote pamoja na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa. Hivyo ni vitu viwili tofauti. Mchoro unaeleza kila kipande kitatumika kwa nini: makazi, biashara, shule, zahanati, ibada, eneo la wazi. Ramani ya upimaji inaeleza mipaka ilivyowekwa ardhini. Wengi hutazama kiwanja chao tu wakaondoka. Wewe kaa hapo, fuata kwa kidole barabara inayopita mbele ya kiwanja chako mpaka inapokutana na barabara kubwa. Uliza upana wake. Uliza kipande chenye rangi tofauti nyuma yako ni cha nini. Kama ni eneo la wazi, andika namba yake, kwa sababu siku moja mtu atakuja na lori la kokoto akisema amepewa.

Ukitoka ofisini nenda kiwanjani na mtu anayejua kusoma ramani, ikiwezekana mpima ardhi. Bikoni halali ni kipande cha zege kilichozikwa kikaacha uso juu, chenye chuma katikati na namba iliyochorwa kabla zege haijakauka. Mwezi wa tatu, mahindi yakiwa yamefika kifuani, utaitafuta kwa kufyeka. Ipangusie udongo, soma namba, ilinganishe na ile ya kwenye ramani. Zipate zote, hata ile iliyo upande wa jirani ambayo kila mtu anakuhakikishia kuwa ipo. Bikoni iliyolegea, inayotikisika ukiigusa kwa mguu, imeshahamishwa au inakaribia kuhamishwa. Mwite mpima kabla hujatoa hata shilingi.

Halafu rudi siku ya mvua. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko wote, nao ni rahisi kwa sababu Songea ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mji umekaa juu ya vilima na mabonde, udongo wake mwingi ni mwekundu, na ukishakwanguliwa majani hauchukui muda kuondoka. Katika mtaa mmoja mpya niliona barabara ya udongo iliyochongwa vizuri wakati wa kiangazi. Ilipofika Februari ilikuwa na mfereji katikati wa kumfikia mtu mzima magotini, na mabomba ya maji yaliyokuwa yamezikwa yananing'inia hewani. Sababu ilionekana kwa macho. Kila nyumba ya upande wa juu ilikuwa imeelekeza maji ya bati lake barabarani, na mwenye kiwanja cha chini alikuwa amejenga ukuta juu ya njia ya maji iliyokuwepo kwenye mchoro. Maji yakakosa njia, yakajichimbia ya kwao. Hakuna aliyevunja nyumba ya mwenzake, lakini wote kwa pamoja walijinyima barabara.

Ukiona kiwanja kiko bondeni, chenye udongo mweusi na matete, na bei yake ni nusu ya vingine, usiseme umepata bahati. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Yale mabonde yanayokatiza mji ndiyo yanayopokea maji ya vilima na kuyapeleka mtoni. Anayejenga humo anajenga juu ya njia ya maji, na akibomolewa hana pa kudai. Ndivyo ilivyo pia kwa barabara kuu: Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inatenga hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Fremu ya biashara iliyosogea ndani ya hapo itapakwa alama ya X, na kilio hakitasaidia.

Baada ya ardhi yenyewe njoo kwa mwenye ardhi. Tangu mwaka 2020 kila mkoa una ofisi ya ardhi, hivyo hakuna sababu ya mtu wa Songea kununua bila kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kwa ada ndogo utajua hati iko kwa jina la nani, kama ina rehani benki, kama kuna zuio la mahakama. Kama kiwanja kina ofa tu au barua ya ugawaji, thibitisha kwa ofisa ardhi kwamba jalada lipo na kodi ya pango la ardhi imelipwa. Malipo yoyote ya serikali yanakwenda kwa namba ya malipo, hayaendi kwenye simu ya mtu. Na kama muuzaji ameoa au ameolewa, mwenzake asaini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inailinda nyumba ya familia isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke. Nimeshasikia mara nyingi maneno ya "mama hana neno". Basi mama huyo aje mezani aseme mwenyewe.

Kuna swali lingine ambalo wanunuzi wengi wa viwanja vya kifahari huona haya kuuliza: aliyekuwa akilima hapa alilipwa? Uliza. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inataka fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, na uthamini wenyewe hupoteza nguvu baada ya miaka miwili. Mahali ambapo wenyeji waliingia katika upimaji shirikishi, wakatoa sehemu ya shamba kwa ajili ya barabara na huduma na wakabaki na viwanja vyao, mara nyingi amani ipo, kwa sababu yule bibi wa shamba sasa ni jirani mwenye hati. Mahali ambapo watu waliondolewa kwa ahadi, kila bikoni ina kesi chini yake. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, msalimie vizuri, keti, sikiliza. Wazee wa eneo watakueleza historia ya kila mti. Ukiambiwa kuna familia haijalipwa, usinunue, hata kama hati ni safi. Unaweza kushinda mahakamani na bado ukakosa usingizi, na mbele ya Mungu na ya watu deni litabaki.

Sasa tuseme umenunua. Jenga. Hati kwa kawaida huja na sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36, na sharti hilo lina maana yake. Dar es Salaam ilitupa somo lililo wazi katika Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Ulipima maeneo makubwa kama Kibada, Gezaulole, Tuangoma, Bunju, Mbweni na Buyuni, na kwa upangaji ulikuwa hatua kubwa. Ila viwanja vingi vilichukuliwa na watu wasio na haraka ya kujenga, vingine vikanunuliwa ili viuzwe tena, na kwa miaka mingi walioishi huko walikuwa wachache, wametawanyika katikati ya vichaka, maji na barabara vikija kwa kuchelewa. Mamlaka ya maji hupeleka bomba kwenye wateja. Nyumba tano katika viwanja mia si wateja. Kila anayekalia kiwanja bila kujenga anamcheleweshea maji aliyejenga, na vibaka hawana maficho mazuri kuliko pagale na kichaka.

Kujenga si lazima kuwe jumba. Ningemshauri mtu mwenye kipato cha mshahara aanze na nyumba ndogo ya vyumba viwili iliyochorwa ili ikue, aombe kibali cha ujenzi kwa mchoro huo huo, ahamie, aongeze baadaye. Kibali usikione kama usumbufu. Ndicho kinachomlazimisha mtaalamu kutazama umbali kati ya nyumba yako na mpaka, mahali pa choo, na mwelekeo wa maji. Watu hupenda kuanza msingi wakati wa kiangazi ili wafike lenta kabla ya mvua, na ni hesabu nzuri. Kwa hiyo peleka maombi ya kibali mapema, Machi au Aprili, usisubiri mpaka fundi ameshakuja na koleo.

Kuhusu matofali nina ombi. Songea tumezoea tofali la kuchoma. Udongo wake tunao, mafundi wanalijua, nyumba inadumu. Lakini tanuru moja hula shehena ya magogo, na magogo hayo yanatoka katika vilima vilevile vinavyotunywesha. Matogoro ndiko chimbuko la Mto Ruvuma, na misitu yake ndiyo inayolisha vijito ambavyo mji unavitegemea kwa maji. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umehimiza kwa miaka mingi matofali ya kufungamana, yanayotengenezwa kwa udongo, saruji kidogo na mashine ya kushindilia, bila moto. Hayahitaji udongo wa ukingo wa mto wala kuni, na yanapunguza saruji ya kuungia. Mwenye uwezo wa kununua kiwanja cha msongamano mdogo ana uwezo wa kuliweka tofali hilo katika mahesabu yake. Kama unalazimika kutumia la kuchoma, mwulize mchomaji kuni zake zimetoka wapi, na ununue kwa mwenye miti ya kupandwa.

Maji nayo yanahitaji akili ya mwenye nyumba. Songea ni mmojawapo wa miji 28 iliyoingizwa katika mpango wa maji unaogharamiwa kwa mkopo wa India, na SOUWASA, mamlaka ya maji ya mji, inaendelea kutandaza mabomba, lakini mtaa mpya hauwezi kungoja kwa mikono mitupu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Mji huu hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Bati la mita za mraba 150 litapokea lita 150,000. Ondoa moja ya tano kwa kumwagika na kuosha paa, zinabaki lita 120,000. Huwezi kuzihifadhi zote, ila kisima cha chini cha lita 30,000 kitamwagilia miti, kitafulia nguo na kuvusha familia sehemu kubwa ya kiangazi cha Mei hadi Novemba. Faida ya pili ni ile ya barabara: lita zilizoingia kisimani hazikuchimba mfereji mbele ya lango la jirani.

Choo kinahitaji uangalifu huohuo. Mahali ambapo mtandao wa majitaka haujafika, utahitaji tangi la septiki na shimo la kunyonya maji. Kabla fundi hajachimba, fanya jaribio: chimba tundu dogo la kina cha mita moja, lijaze maji jioni uyaache yanywewe, asubuhi lijaze tena uangalie saa nzima yanashuka kiasi gani. Yakikaa palepale, udongo haunyonyi, na shimo la kawaida litafurika msimu wa kwanza wa mvua. Mtafute mtaalamu akupangie mitaro ya kunyonya maji au uhamishe mahali. Kama wewe au jirani ana kisima cha maji ya ardhini, kaa mbali nacho, mita 30 au zaidi, na upande wa chini ya mteremko. Tena acha njia ya gari la kunyonya majitaka. Wapo waliojenga ukuta kamili, wakapanda maua, wakaja kugundua kwamba bomba la gari halifiki.

Hapo ndipo nafika kwenye kuta. Mtu anayejenga ukuta husogea nusu mita nje ya bikoni, akiona ni kidogo. Wa mbele yake naye anasogea nusu mita. Barabara ya mita kumi imekuwa ya tisa. Kwenye kona, ambako ukuta ulitakiwa ukatwe mshazari ili dereva aone, unajengwa mraba. Halafu panachimbwa mtaro, panawekwa nguzo, na lori halipinduki tena. Kurudisha nusu mita hiyo baadaye ni kazi ya tingatinga, machozi na uhasama. Kuizuia siku ya kuchimba msingi ni kazi ya kamba na majirani wawili waliosimama pale kwa upole: "Kaka, tuangalie bikoni pamoja kabla hamjamwaga zege."

Nasema majirani kwa sababu mtaa uliopangwa haujilindi wenyewe. Manispaa ina maofisa wachache na eneo pana. Wakazi wa kwanza, hata wakiwa familia saba, waunde kikundi chini ya serikali ya mtaa, wawe na nakala ya mchoro, wapande miti kwenye mipaka ya eneo la wazi na kuweka kibao chenye namba yake. Eneo lenye goli mbili na watoto wanaocheza kila jioni ni gumu kulinyang'anya. Lenye kichaka linachukuliwa kwa barua moja. Wachangie kuchonga mifereji kabla ya Novemba. Wakitaka barabara ichongwe, waiandikie TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa pamoja, wakitaja barabara kwa jina na urefu. Na atakayetaka kugeuza nyumba kuwa baa, gereji au ukumbi, sheria inamtaka aombe kubadilisha matumizi, na majirani wanapaswa kusikilizwa. Hudhuria siku ya kusikilizwa. Wengi hulalamikia muziki wa usiku huku tangazo la kuomba pingamizi lilibandikwa wakalipita.

Nina neno pia kwa viongozi na wapangaji wa Manispaa. Mtaa wa matajiri pekee ni mpango mbovu hata kwa matajiri. Dada wa kazi, fundi bomba, mlinzi, mwalimu wa shule ya msingi na mama wa sokoni lazima walale mahali panapofikika kwa miguu. Wasipopewa viwanja vidogo ndani ya mchoro, watajenga pembeni bila mchoro, na baada ya miaka kumi tutarudi na fedha za kurasimisha kile ambacho tungeweza kupanga kwa wino. Changanyeni viwanja vikubwa na vya mita 400 katika kitalu kimoja, na tengeni eneo la soko mapema. Kodi ya majengo siku hizi hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo kila mwenye mita anachangia. Naye anastahili kuonyeshwa mchango huo umerudi mtaani kama nini: daraja dogo, taa, mfereji wa mawe.

Kama uko mbali na ndugu yako anakushughulikia, mtumie mtu wa tatu asiye na undugu na muuzaji, akupigie picha bikoni moja moja zikiwa na namba zinazosomeka, na akupigie simu ya video akiwa amesimama barabarani wakati mvua inanyesha. Usitume fedha ya kiwanja kabla ya matokeo ya upekuzi. Na ukishapata namba ya kiwanja chako, iandike kwenye karatasi pamoja na namba ya eneo la wazi lililo karibu nacho, uende nazo zote mbili Idara ya Ardhi.